Kimya kilichoniokoa mimi kilimwumiza mwanangu

Mwanangu wa kwanza, ambaye hapa nitamwita Kito, alizaliwa Machi 2014 mjini Minneapolis, miezi saba baada ya mimi na mwenzangu kufunga ndoa. Sheria ya jimbo la Minnesota iliyoruhusu ndoa za jinsia moja ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 2013, nasi tulifunga yetu wiki ileile ya kwanza, mimba tayari ikiwa changa tumboni. Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, Mombasa. Mke wangu ni Mzungu wa Duluth, mji wa bandari kwenye Ziwa Superior. Yeye ndiye aliyebeba mimba zote mbili, ya Kito na ya mdogo wake, Zuhura, aliyezaliwa 2018. Mimi ni mama yao kwa ndoa, kwa hati ya mahakama, na kwa kukesha.

Naandika kwa ajili ya kuchu wenzangu, yaani watu wa mapenzi ya jinsia moja kama mimi, waliotoka kwetu wakaanza familia ughaibuni. Watatu wameniuliza mwaka huu wazungumze vipi na watoto wao kuhusu ubaguzi wa rangi. Nawajibu kwa kirefu kwa sababu mimi nilianza vibaya. Nilichelewa karibu miaka minane, na aliyelipia kuchelewa huko alikuwa mtoto.

Rangi iliingia nyumbani kwetu kabla ya mtoto. Kwenye benki ya mbegu za kiume tulipewa orodha ya wafadhili, na waliokuwa weusi walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mhudumu, mama mpole wa makamo, akatushauri tuchague mfadhili Mzungu "ili mtoto afanane na mama yake". Mama aliyemkusudia alikuwa mke wangu. Mimi nilikuwa nimeketi palepale, mkoba mapajani. Hatukusema neno. Tulichagua mfadhili mweusi, tukalipa, tukaondoka, na usiku ule tukajadili majina na bima ya afya. Hatukuulizana swali lililokuwa la lazima: mtoto mweusi katika Marekani hii tutamlea vipi, na nani kati yetu atamwambia nini? Nilidhani jibu litakuja lenyewe kwa kuwa mimi ni mweusi. Lakini nimekulia mahali ambapo dereva wa matatu, mwalimu, daktari na askari wote ni weusi kama mimi. Dharau ya rangi ya kwetu naijua, na nitaisimulia, ila sikuwahi kuwa mtoto mweusi peke yake darasani.

Kabla sijaendelea, jambo la karatasi. Jina langu liliandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa kwa sababu ya ndoa, lakini wakili alinishauri niwaasili watoto mahakamani hata hivyo. Cheti ni kumbukumbu ya ofisi. Amri ya kuasili ni uamuzi wa mahakama, na Mahakama ya Juu ya Marekani ilisisitiza Machi 2016 kwamba jimbo moja lazima liheshimu amri kama hiyo iliyotolewa na jimbo jingine. Kwa Kito tulitumia dola 2,600 na zaidi ya miezi mitano. Iliniuma kutakiwa kuleta watu wa kuthibitisha tabia yangu ili nimwasili mtoto niliyemkata kitovu kwa mkono wangu. Fanyeni hata hivyo. Zuhura ni mweupe kuliko kaka yake, na mara mbili nimezuiwa naye kliniki nikiulizwa kama mimi ni yaya na mama yake yuko wapi. Nakala moja iko kwenye simu yangu, nyingine iko ndani ya gari.

Sasa makosa yenyewe.

Juni 2017 nilimpandisha Kito mabegani, tukaenda kutazama gwaride la Pride, sherehe yetu kuchu ya kila mwaka, katikati ya jiji. Siku tisa kabla yake, askari aliyempiga risasi Philando Castile alikuwa ameonekana hana hatia mahakamani. Castile, mtu mweusi, alifanya kazi jikoni katika shule moja ya St. Paul. Aliuawa Julai 2016, akiwa ameketi kwenye usukani, mtoto wa miaka minne akiwa kiti cha nyuma. Waandamanaji wakalisimamisha gwaride kwa ajili yake. Kando yetu walikuwepo marafiki zetu, wanaume wawili Wazungu waliooana, watu tuliokuwa tukila nao sahani moja. Mmoja wao akapaza sauti kwamba hii ni siku yetu, wasituharibie. Kito akaniinamia sikioni: "Mama, wale wanalia nini?"

"Wamechoka na jua," nikamwambia.

Nilijibu vile kwa sababu marafiki wale walisimama nami nilipokuwa sina ndugu. Sisi tuliokataliwa na damu zetu tunajifunza kumshika kila aliyetupokea kama anayeshika yai. Hatumkosoi. Hatumwambii kwamba neno lake limemchoma mtoto wetu. Tunaona tuna deni naye, na mimi nilikuwa nikililipa deni hilo kwa heshima ya Kito.

Miaka miwili na nusu baadaye nikalipa tena, safari hii kwa mama yangu mzazi. Mama hakuzungumza nami kwa miaka minne baada ya kusikia nimeolewa na mwanamke. Zuhura alipozaliwa akaanza kupokea simu, na Desemba 2019 akasema tuje. Mei mwaka ule Mahakama Kuu ya Kenya ilikuwa imekataa kufuta vifungu vya 162 na 165 vya sheria ya adhabu, vinavyotumika dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, na kifungu cha 162 kinabeba kifungo cha hadi miaka 14. Kwa hiyo ndani ya ndege, kabla hatujatua, nilimfundisha Kito, anayeniita mimi Mama na mke wangu Mami: "Huku Mami ni rafiki yake Mama. Mambo ya nyumbani kwetu hayasemwi." Nilimkaririsha mara tatu, kama mtoto wa chuo cha Kurani anayehifadhi sura. Alikuwa na miaka mitano. Alihifadhi vizuri mno.

Jioni ya pili, shangazi zangu wamejaa ukumbini, Mama akampakata Zuhura na kumpitisha vidole kichwani. "Huyu amechukua rangi, mashallah. Na nywele za singa, tazameni. Kaka yake maskini, mweusi ti, na kipilipili chake hata kitana hakipiti." Wakacheka. Kito alikuwa ameketi mkekani karibu na miguu ya nyanya yake, na Kiswahili anakijua. Mimi nilikuwa namimina chai. Niliendelea kumimina. Mkono wa mama yangu juu ya kichwa cha mtoto wangu ni kitu nilichokililia miaka sita, na niliogopa kwamba nikisema neno moja atauondoa.

Ukiwa mzazi wa aina yetu, nakusihi uliangalie hili kabla ya mengine yote. Orodha ya ndugu waliobaki kwako ni fupi, na kwa ajili ya ufupi huo utawaruhusu wamwambie mtoto wako maneno ambayo jirani usingemruhusu.

Tarehe 25 Mei 2020 George Floyd, mtu mweusi, aliuawa na askari aliyempigia goti shingoni kwenye kona ya barabara ya 38 na Chicago, mitaa michache kutoka kwetu. Siku tatu baadaye kituo cha polisi karibu na Lake Street kiliteketezwa, na moshi wake ukaingia hadi kwenye mashuka. Helikopta zilizunguka usiku kucha. Tuliwaambia watoto ni fataki. Kito, miaka sita, alikuwa ameshaiona picha kwenye simu ya mtoto wa jirani. Asubuhi moja mezani akauliza: "Yule askari angemkalia Mama shingoni?" Hakungoja jibu. "Na Mami je?"

Mke wangu akamshika mkono, akamwambia askari wengi ni wema na yeye yuko salama, asiwaze hayo. Alisema kwa mapenzi yote. Mimi nikanyamaza. Kwa hiyo mtoto alibaki na hesabu yake aliyokwisha kuifanya peke yake, kwamba Mami yumo upande mmoja na Mama na yeye wamo upande mwingine, na hakuna mtu mzima aliyekubali kumwambia kwamba hesabu yake ni sahihi. Usimwahidi mtoto usalama ambao hauko mkononi mwako. Anagundua, na akishagundua hakuulizi tena.

Kito hakuuliza tena.

Januari 2022, usiku wa baridi kali, alikaa bafuni muda mrefu kuliko kawaida. Nikabisha, nikaingia. Alikuwa amesimama ndani ya maji yaliyokwisha kupoa, ameshika dodoki tulilokuja nalo kutoka Mombasa, lile lililokaa pembeni mwaka mzima kwa kuwa ni gumu kwa ngozi ya mtoto. Alikuwa anasugua kiwiko cha kushoto. Kuanzia kiwiko hadi kwenye kifundo cha mkono ngozi ilikuwa imechubuka, vitone vidogo vya damu vimejipanga kwa mistari ya nyuzi za dodoki. Alipaka sabuni ya vyombo. Niliona chupa yake ukingoni. Hakuwa analia. Alikuwa anafanya kazi, kwa utulivu, kama mtu anayesafisha sufuria iliyoungua.

Ilichukua saa nzima kulipata jambo lenyewe. Kwenye basi la shule mtoto mmoja alikuwa akimwambia kila siku kwamba ngozi yake imepakwa mavi na wengine wasimguse. Tangu Oktoba. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia.

"Ulisema mambo ya nyumbani hayasemwi," akajibu. "Na rangi yangu ni ya nyumbani."

Kimya kile ndicho kilichoniokoa mimi. Nilikitumia Kisauni kuanzia miaka 14, nilikitumia chuo kikuu Nairobi, nilikitumia kwa mama yangu, na ninaamini kilinizuia nisipigwe, labda nisiuawe. Nikampa mtoto wangu kama urithi. Kwake hakikuwa na faida yoyote. Alinieleza mwenyewe tofauti, usiku uliofuata, nilipofanya kosa jingine ambalo wazazi wengi kama mimi hulifanya. Nilimkalisha nikamwambia kwamba mimi na Mami tunamwelewa kabisa, kwa sababu sisi pia watu hutuchukia kwa jinsi tulivyo. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Nyinyi mnaweza kusema Mami ni rafiki. Mimi niseme nini?"

Sina jibu la swali lile hata leo, na nimeacha kulitafuta. Yanayotupata yanafanana mahali na kuachana mahali. Mwambie mtoto wako panapofanana baadaye, akikuuliza. Ukianza napo, anasikia unamchukulia maumivu yake na kuyafanya yako.

Shuleni tulikwenda wote wawili. Mwalimu mkuu akauliza kwanza kama Kito anachokozwa kwa kuwa na mama wawili. Kwa hilo walikuwa wamejiandaa: bendera ya upinde wa mvua ilikuwa mlangoni, na fomu zao hazikuwa na nafasi ya "baba" na "mama" bali "mzazi" na "mzazi". Tuliichagua shule ile kwa sababu hiyo hiyo. Tulihesabu familia zinazofanana na yetu, hatukuhesabu watoto weusi darasani. Tulipotaja rangi, chumba kikapoa. Tukaambiwa watoto wa umri ule hawana ubaguzi, wanarudia tu maneno. Sikuwa na la kujibu siku ile. Baadaye nilisoma kuhusu Kenneth na Mamie Clark, mume na mke weusi, wanasaikolojia, ambao katika miaka ya 1940 waliwaonyesha watoto weusi wa miaka mitatu hadi saba wanasesere wanne waliotofautiana kwa rangi tu. Wengi wao walimchagua mweupe kuwa ndiye mzuri. Mahakama ya Juu iliutaja utafiti wao mwaka 1954 ilipokataza kuwatenganisha wanafunzi wa shule za umma kwa rangi. Watoto wanaijua rangi mapema sana. Sisi ndio tunaochelewa.

Suluhisho la shule lilikuwa Kito ahamie kiti cha mbele, nyuma ya dereva. Tukakubali, tena tukashukuru. Siku ya nne Kito akatuuliza amekosa nini, maana kiti kile ni cha watoto wakorofi. Tukarudi kwa aibu. Mkiletewa suluhisho, ulizeni nani anahamishwa. Kuanzia hapo tuliandika kila kitu kwa barua pepe: tarehe, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa bila kuyalainisha, tunachotaka kifanyike, na siku tunayotarajia jibu. Mazungumzo ya koridoni husahaulika. Baada ya barua ya tatu, aliyehamishwa alikuwa yule aliyetukana, na wazazi wake waliitwa.

Kuna jambo jingine la kikao kile. Nikizungumza mimi, mwalimu mkuu aliandika bila kuniangalia. Akizungumza mke wangu, aliinua uso. Kwenye gari tulibishana vikali, pengine kuliko siku zote za ndoa yetu. Yeye alitaka kutumia masikio hayo aliyopewa kwa rangi yake kumwokoa mtoto upesi. Mimi sikutaka Kito aone kwamba Mama akisema haisikiki. Tulichokubaliana, na tunakifuata hadi sasa, ni hiki: mimi naanza, yeye anaendelea kwa kusema "kama alivyosema mke wangu", na barua hutoka kwa majina mawili. Nyumbani tunageuza. Maswali kuhusu Wazungu na wanachokifanya anayajibu yeye, hata akitetemeka, ili watoto wasione kwamba ubaguzi wa rangi ni habari ya Mama peke yake.

Tulibadili pia ile sheria ya ndegeni. Sasa tunasema: jambo la faragha ni lile ambalo sisi wanne tunachagua nani alijue, lakini jambo linalokuuma halina faragha, lilete hapa. Mtoto akileta kitu, tunauliza kwanza amesikia nini na yeye anafikiri kina maana gani, kabla ya kumwaga hotuba. Kwa Zuhura, alipokuwa na miaka minne, sentensi mbili zilitosha: kuna watu huwatendea vibaya watu weusi kwa sababu ya rangi, na si haki. Kwa Kito tuliigiza basi jikoni, viti viwili viwili, mke wangu akiwa mtoto mchokozi. Alijaribu majibu sita au saba hadi akapata lake: "Usiniambie hivyo." Kisha anaondoka kwenda kwa mtu mzima. Ni jibu dogo. Alilichagua mwenyewe, kwa hiyo lilimjia mdomoni siku alipolihitaji.

Ila maneno ya kujikinga hayaponyi mkono uliochubuliwa. Niligundua kwamba Kiswahili changu, ambacho nilijivunia kuwafundisha, kilikuwa kimempa mtoto kipilipili na "rangi nzuri", nayo ni ya watu wengine tu. Jumapili moja nilichemsha kunde. Nikamwita Kito na Zuhura, nikakinga mchuzi kwenye bakuli jeupe, nikawaambia kwetu mtu wa rangi hii huitwa maji ya kunde. Wakaleta mikono yao juu ya bakuli. Wa Zuhura ulikuwa mwepesi kuliko mchuzi, wa Kito mzito zaidi, wangu ndio uliokaribia. Kito akachota kunde moja, akaigeuza hadi likaonekana lile doa jeusi katikati. "Mimi ni hapa," akasema. Akaiweka mdomoni.

Siku hiyohiyo nikawaeleza alama iliyo shavuni mwangu. Walikuwa wanaamini nimezaliwa nayo. Nilikuwa na miaka 16, harusi ya binamu yangu inakaribia, nikapaka mkorogo uliokuwa umefichwa kwenye mtungi bafuni kwa shangazi. Ngozi ikaungua ikaacha doa. Kito akaligusa. Akauliza nani aliniambia niwe mweupe. Nikasema hakuna aliyeniambia, walikuwa wanawasifu wengine mbele yangu. Hapo nikajua kwamba simu niliyokuwa naiogopa lazima niipige.

Nilimpigia Mama nikiwa peke yangu, sikutaka nimsahihishe mbele ya wajukuu. Nilimwamkia, nikauliza miguu yake inaendeleaje, kisha nikasema, "Mama, nina ombi, na nakuomba usinikatie. Usimtaje tena Kito kwa nywele wala kwa rangi. Anajisugua hadi anatoka damu." Akasema ni mzaha tu, hata yeye alitaniwa utotoni na hakufa. Nikarudia ombi. Akasema mimi si wa kumfundisha adabu, baada ya yote aliyonivumilia. Akakata.

Wiki tano hakupokea simu. Zilikuwa wiki mbaya, na ningekuwa mwongo nikiwaambia sikujuta. Wiki ya sita akatuma ujumbe wa sauti, anamwomba Kito amwimbie ule wimbo aliofundishwa shuleni. Radhi hakuomba. Lakini tangu siku ile sijamsikia akiwalinganisha.

Mke wangu naye alikuwa na deni lake. Wazazi wake walitupokea tangu siku ya kwanza, walitulipia hata karamu ya harusi, na kwa ajili hiyo hakuna aliyewahi kumkatiza mama yake. Kiangazi cha 2023 tulikuwa Duluth. Katikati ya mji, kwenye kona ya First Street, kuna ukumbusho uliofunguliwa 2003, sanamu tatu za shaba za Elias Clayton, Elmer Jackson na Isaac McGhie. Walikuwa vijana weusi, vibarua wa sarakasi iliyopita mjini, wakasingiziwa ubakaji. Usiku wa tarehe 15 Juni 1920 maelfu ya watu walivunja jela, wakawatoa na kuwanyonga kwenye nguzo ya taa. Picha ya mauaji hayo iliuzwa kama kadi ya posta. Mke wangu alisoma mji huohuo hadi sekondari na hakufundishwa habari hiyo hata siku moja. Alitaka amwonyeshe Kito yeye mwenyewe. Mama yake akasema hayo ni ya zamani, tusiwaharibie watoto likizo.

"Mama, likizo ni yake na mji ni wangu," mke wangu akajibu. "Nataka aujue kutoka kwangu."

Zuhura alikuwa na miaka mitano, nikampeleka kutazama daraja linaloinuka meli zikipita. Kwa hiyo nasimulia nilivyoelezwa: Kito alisoma majina yote matatu kwa sauti, akauliza walikuwa na umri gani, kisha akashika mkono wa sanamu moja, akasema una joto. Jua lilikuwa limeupiga tangu asubuhi. Bibi yao alikuwa amewafuata, amesimama hatua chache nyuma, na alikuwa analia.

Mahali pa kukata nywele nako kulitufundisha. Kwa miaka mingi nilimnyoa Kito mwenyewe nyumbani, hadi nilipokubali kwamba anahitaji chumba ambacho kila mtu ndani yake anafanana naye. Tulipata kinyozi mweusi, mzee ambaye familia yake ilitoka Mississippi, na ndiye aliyeniambia kwao kunde huliwa kila Mwaka Mpya kwa ajili ya baraka. Kito aliketi kwenye kile kiti akawa mtoto mwingine kabisa, mabega yameshuka. Mara ya tatu, wateja wakaanza mizaha kuhusu wanaume wanaopenda wanaume. Nikaona mabega yamepanda tena. Kwenye mikutano ya familia kama yetu yeye ndiye mweusi peke yake. Hapa pa weusi wenzake, mama zake ndio mzaha.

Zamani ningelipa, nishukuru, nisirudi. Nilirudi kesho yake asubuhi kabla ya wateja, nikamweleza yule mzee sisi ni nani. Alinyamaza akifuta mkasi. Akasema hawezi kufunga midomo ya watu wote, lakini mtoto hatavunjiwa heshima kwenye kiti chake. Na si yeye aliyenishangaza, ni mteja wake wa miaka mingi, mzee sana, aliyekuwa ameingia akanisikia. Jumamosi iliyofuata alimwonyesha Kito picha iliyotundikwa ukutani, ya maandamano ya Washington ya tarehe 28 Agosti 1963, watu wapatao 250,000. Akamwambia aliyeyapanga yale, mabasi, vyoo, vipaza sauti, hadi chakula, aliitwa Bayard Rustin, na kwa kuwa alipenda wanaume, viongozi walimweka nyuma ya pazia. "Sisi tuliokuwepo tulijua," akasema. Kito alirudi nyumbani akalisema jina hilo kutwa nzima. Ilikuwa mara ya kwanza kuona vitu viwili vya maisha yake vikikaa ndani ya mtu mmoja.

Mwaka huohuo wa 2023 Minnesota ilipitisha sheria inayokataza kumbagua mtu kwa nywele zake za asili. Kito akaacha kunyoa. Sasa anasokota misokoto, na Jumapili jioni nakaa saa mbili na mafuta ya nazi nikiirudia mmoja mmoja. Mazungumzo mengi tuliyopaswa kuyafanya zamani tunayafanya hapo, yeye akinipa mgongo. Nadhani kutotazamana kunamsaidia. Kama mna kazi ya mikono mnayoifanya na mtoto, iwe kusuka au kuosha vyombo, anzieni hapo, msimwite sebuleni na kumkalisha kama mshtakiwa.

Desemba ijayo mama yangu anatimiza miaka 70 na anataka wajukuu wote Kisauni. Kito ana miaka 11. Aliniuliza Jumapili iliyopita, misokoto ikiwa nusu, kama atatakiwa kusema tena kwamba Mami ni rafiki. Safari hii nilimsomea kifungu cha sheria chenyewe, nikamweleza miaka 14 maana yake nini, na nani anaweza kuumia neno likitoka. Alifikiri muda. Akasema anaweza kulitunza hilo, kwa sababu sasa anajua ni la nini, lakini akiambiwa kipilipili atajibu.

"Nitajibu mimi kwanza," nikamwambia.

Mke wangu anasema twende watatu, yeye abaki. Zuhura anasema bila Mami haendi. Tiketi bado hatujakata.